Tokeni Nje

Namuwongo, kando ya reli,
Kampala.
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mpendwa kaka Makokha,

Salamu nyingi kutoka huku ng'ambo ya mpaka. Goti la mama linaendeleaje? Na kile kifua cha wifi Rosebella, kimepona au bado anakificha kama kawaida yake? Natumaini mvua imewaachia mahindi ya kuvuna. Sisi ni wazima, namshukuru Mungu, ila uzima wetu ni wa mwili tu. Moyo wangu hautulii tangu wiki iliyopita.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu imevunjika kioo, na ya shemeji yako Wanyama siwezi kuitumia kumsengenya mwenyewe. Juliet, yule jirani yetu anayeleta vitenge Bungoma, anasafiri Jumatatu. Atakufikishia.

Huku ni kampeni kila kona. Kuna mama mmoja anaitwa Rashidah, Mnubi, anayegombea udiwani kwa chama kidogo cha Kijani. Alimchukua Wanyama amfungie spika za mikutano. Mimi nilifurahi, maana kibanda chake cha kutengeneza redio kilikuwa kimelala. Sikujua fundi naye atageuka mwanasiasa.

Hapa kwetu, kaka, neno mazingira lina sumu. Ukisikia mkubwa anasema mazingira, kunja godoro lako. Kulinda kinamasi maana yake ni kututoa sisi tuliojenga kinamasini, huku maghala makubwa yaliyofukia mafunjo hayaguswi hata kwa kidole. Rashidah anasema hapana: mtaro uzibuliwe, mafunjo yapandwe tena, wenye maghala wajibu kwanza, na hakuna maskini atakayevunjiwa nyumba kabla hajaonyeshwa pa kwenda. Maneno mazuri. Mimi nimeishi huku muda wa kutosha kuyaogopa maneno mazuri.

Sasa sikia balaa la Jumamosi iliyopita. Asubuhi, watu hawajaenda kazini, Wanyama alisimama juu ya tuta la reli na spika yake. Alitaka kuita watu mkutanoni. Basi akafungulia sauti yote na kusema kwa Kiswahili safi cha kwetu Bungoma: "Wananchi, tokeni nje! Tokeni na familia zenu!"

Kwenu huo ni mwaliko. Huku Kiswahili kwenye spika ni lugha ya askari. Tangu zile bomoabomoa za kando ya reli, watu wa hapa hawangoji kusikia mara mbili. Kaka, walitoka kweli! Walitoka na magodoro, masufuria, kuku, watoto wakiwa na sabuni usoni. Mzee Alal, jirani yetu Mwacholi, alipanda juu akaanza kung'oa mabati yake mwenyewe ili tingatinga lisiyakunje. Mama mmoja aliteleza kwenye mtaro akateguka mguu. Na Wanyama wangu kule juu, akiona umati, alidhani mwaliko umepokelewa vizuri. Akaongeza sauti.

Ningecheka kama isingekuwa yeye. Rashidah alikuja mbio, akaomba radhi nyumba kwa nyumba, na vijana wake wakamrudishia Mzee Alal mabati. Nilidhani yameisha. Jumatano mwenyekiti wa mtaa alikuja mlangoni kwetu. Alisema wakubwa wanamtafuta "ule Mukenya wa spika", aliyeleta fujo, na kwamba Wanyama aende kituoni Jumanne ijayo na karatasi zake zote. Mgeni anaingilia siasa yetu, ndivyo wanavyosema. Kibali chake kiko sawa, lakini wewe unajua mtu akishaingia mle ndani, kutoka ni majaliwa.

Nimemwambia aache. Sikio la kufa halisikii dawa. Anasema akikimbia sasa, ataonekana kweli alikuja kuvuruga watu, na kesho Jumamosi anarudi pale pale na spika yake. Nimelia, nimenuna, nimempikia bila chumvi. Wapi!

Kwa hiyo nakuomba, kaka yangu, Juliet akikupa barua hii, mpigie Wanyama siku hiyo hiyo. Mwambie spika za kanisa lenu zimekufa na kuna harambee. Kwa ajili ya spika mbovu Wanyama atavuka mpaka hata kwa miguu. Akifika, mshike huko hadi uchaguzi upite.

Jumapili

Niliiacha barua hii kwa sababu jana nami nilikwenda mkutanoni. Nilikwenda kumvuta Wanyama kwa shati, sikwenda kusikiliza siasa.

Nilimkuta amesimama na spika, na milango yote imefungwa. Watu walikuwa ndani, wanamsikia, wanamwogopa. Kila akisema "wananchi", naona pazia linasogea. Luganda yake ni ya kununulia nyanya tu. Nilimwonea huruma hadi nikakasirika. Nikamnyang'anya ile spika nikasema, "Bassebo ne bannyabo, mujje twogere," yaani mabwana na mabibi, njooni tuongee.

Wakatoka, kaka. Safari hii mikono mitupu, wengine wamebeba viti. Mzee Alal ndiye aliyesimama wa kwanza. Alisema kwa Kiswahili chake, "Ile siku tulitoka na vitu yote. Sasa nauliza, kama ilikuwa ya kweli, tungeenda wapi?" Rashidah aliliandika lile swali badala ya kutunga jibu, na nilimpenda kwa hilo. Watu waliongea hadi jua likawa kali: wajane, wauza maji, Wakongo, hata wale wanaomchukia. Mimi ndiye niliyekuwa napitisha spika.

Mwenyekiti alikuwepo na watu wawili nisiowajua. Tulipofunga aliniuliza jina langu lote. Nilimpa. Na mimi sasa Jumanne naitwa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, ila hili nimelichuma kwa mkono wangu.

Basi sikuombi tena umdanganye Wanyama. Tutakwenda wote wawili, na Rashidah ameahidi kuja na wakili. Naogopa, kaka, naogopa sana, sikufichi.

Wasalimie mama yetu Nakhisa, wifi Rosebella na mwanenu Travis. Mungu alinde mlango wenu kwa kuingia na kutoka.

Huyo aliyesimama mbele yako na Juliet ni binti yetu Vera. Yeye anajua amekuja kuwatembelea wajomba. Mpokee begi kwanza, mpe chai, na akikuuliza anarudi lini, mwambie mama atampigia.

Mdogo wako asiyechoka kukupenda,
Nabangala