Mama Hasimami Tena

Mwanangu,

Wali uko kwenye sufuria, upashe moto. Barafu iliyo kwenye friza ni ya goti langu, msiitie tena kwenye juisi.

Nimekwenda kwenye mkutano wa washonaji wenzangu wa kiwandani. Asubuhi nilikuwa bafuni, nikakusikia ukiwajibu wenzangu kwenye simu: “Mama hasimami tena.” Ulimaanisha goti, najua. Wao wameelewa kwamba nimewaacha, na leo wanataka kazi yangu ya kuwasemea wampe yule kibaraka wa meneja, aliyejifungia chooni siku ya mgomo. Wamesahau. Mimi sijasahau.

Mwaka umepita tangu niwekewe goti la bandia. Daktari anasema nimepona. Mbona ngazi nazishuka kiubavu kama kaa, na kila jioni goti limevimba? Hayo hukuwaambia, afadhali.

~~Njoo unichukue jioni.~~ Usije. Wakikuona umenishika mkono, watakuamini wewe.

Nitaongea nimekaa. Wasiponisikiliza nitarudi, nitakaa hapo dirishani mnapotaka nikae, na hutanisikia tena nikibishana na mtu.

Mama yako