Mwito wa Kwanza Haujibiwi

Kivukoni, Chara
3 Machi 2025

Mwanangu Rachael,

Bwana asifiwe. Natumai Nairobi haijakumaliza kwa baridi na kazi. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikiinuka. Mpunga umeshika vizuri, na viboko mwaka huu wametuhurumia.

Najua umekuwa ukipiga simu hupati. Usimlaumu mtu. Nimeizima mwenyewe, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuitia ndani ya ndoo ya unga. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu, kama enzi zile ulipokuwa bwenini. Harith wa dukani Garsen atampa kondakta wa basi barua hii akuletee. Nawe ukijibu, pitisha njia hiyo hiyo.

Sababu ni hii, na usinicheke. Tangu kampuni yenu isimamishe ule mnara mpya nyuma ya shule, mwezi wa kwanza, simu zinashika vizuri mno. Lakini kila nikizungumza na mtu saa kumi na moja na dakika kumi jioni, pale anapovuta pumzi kidogo, namsikia mwingine. Ni Caleb. Asema, "Baba, nimefika. Leta mtumbwi." Mara moja tu, basi.

Mto ulimchukua ndugu yako Novemba ya mwaka juzi, hata mwili hatukupewa. Wewe ndiye injinia wa mawimbi hayo. Niambie ukweli, usinibembeleze.

Mimi baba yako,
Ishmael


Nairobi
11 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa nilipofika kwenye ndoo ya unga nilicheka, nisamehe. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi na chai ya ofisini bado ni maji ya kuoshea vikombe.

Baba, huo ni mwangwi. Nikueleze. Mnara ule hautumi maneno yako kwenye wimbi moja. Unayagawa kwenye mawimbi membamba mamia kadhaa, kila moja na mzigo wake mdogo, linakwenda polepole. Ni kama kuvusha mavuno kwa mitumbwi mingi midogo badala ya jahazi moja zito. Yamepangwa hivi kwamba moja likiwa kileleni, mengine yote pale ni sifuri, kwa hiyo hayagongani.

Sasa, wimbi huenda moja kwa moja, na pia hugonga maji na miti likafika limechelewa. Kwa hiyo kati ya kifurushi kimoja cha maneno na kingine tunaacha pengo dogo, mwangwi ufie humo. Unajua nani alinifundisha hilo kabla ya chuo? Wewe. Sheria yako ya kivukoni: mvushaji hajibu mwito wa kwanza. Hukaa kimya mpaka mto umalize kuurudisha, kisha husubiri wa pili, kwa sababu aliye hai ataita tena. Nilipolisikia somo lile darasani nilitabasamu peke yangu.

Huko kwetu maji yametanda kila mahali, na pengo tuliloweka ni fupi mno. Nitalirekebisha. Itoe simu kwenye unga, tafadhali.

Mwanao,
Rachael


Kivukoni, Chara
24 Machi 2025

Mwanangu,

Amani iwe nawe. Huku tu wazima, Jumwa jirani anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Simu nimeitoa. Nimesikiliza siku tisa mfululizo. Yuko pale pale, dakika ile ile. Mwangwi huwa wa kitu kilichosemwa, Rachael. Nani amesema?

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Dorothy mke wa Caleb. Siku ile Caleb alikuwa ametoka Garsen kuninunulia dawa zangu za presha. Nilikuwa nimekaa ukingoni nachonga kafi ya mtumbwi, saa kumi na moja imepita kidogo. Akaita kutoka ng'ambo, "Baba, nimefika. Leta mtumbwi." Niliijua sauti. Niliijua, mwanangu! Lakini nikakaa, kama babu yenu Tuneya alivyonifunza, nangoja mwito wa pili. Nikamaliza kafi. Haukuja.

Nikajisemea labda ni mto. Asubuhi tulikuta ukingo wa upande ule umemeguka, pale pale abiria wanaposimama. Watu wote niliwaambia sikusikia kitu. Nimekwenda kanisani na uongo huo mwaka mzima na zaidi.

Usiniambie ni mwangwi.

Baba


Nairobi
5 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikalia chooni kazini, Abdia mwenzangu akagonga mlango kuniuliza kama ninaumwa. Sikulaumu. Sikulaumu hata kidogo, na Caleb asingekulaumu. Ungevuka usingemkuta.

Nilikudanganya kidogo, nikitaka utulie. Mwangwi uliochelewa hauleti jina la mtu wala sentensi. Huleta mikwaruzo na maneno yaliyokatika, basi. Kwa hiyo tumechukua rekodi za mnara wa Chara, mimi na Abdia, tukaziangalia pengo kwa pengo.

Lile pengo halikai tupu. Tunalijaza nakala ya mkia wa kifurushi kinachofuata, na simu inaitupa ikishapokea. Kila mkia una mwili wake nyuma. Lakini kila siku, saa kumi na moja na dakika kumi, kwenye mapengo ya mnara ule, kuna mkia ambao mwili wake haupo. Hakuna simu inayoutuma. Tumeondoa kila kitu tunachokijua, ilitakiwa ubaki mvumo tu, na bado upo. Unatoka upande wa kivukoni. Abdia amesema yeye hataki tena kuiona ile faili, na Abdia haogopi kitu.

Tarehe thelathini tunawasha kichujio kipya. Kitasikiliza kilichomo ndani ya pengo na kukifuta. Utapumzika. Mpaka hapo, nakuomba kwa jina la mama, usimjibu. Sheria ni yako mwenyewe. Maji yanapanda, nimeona kwenye taarifa. Usiuingize mtumbwi mtoni kwa ajili ya mwito mmoja.

Mwanao,
Rachael


Kivukoni, Chara
16 Aprili 2025

Rachael wangu,

Salamu za Pasaka. Mimi nina afya kuliko mwezi uliopita, nalala vizuri, nakula. Jumwa ameleta kambare wa kukaangwa na nimemaliza wote, miiba tu ndiyo imebaki.

Mwanangu, sheria niliifuata mara moja, ikanilia mtoto. Sasa wewe waniambia niifuate tena.

Nakuomba kitu kimoja, na sijakuomba kitu tangu umalize shule. Usiwashe hicho kichujio chako. Nipe muda maji yapungue, nivuke mchana kweupe nimwambie, "Nilikusikia." Hilo tu. Nikishamwambia, futa unavyotaka. Ukimfuta kabla, atakuwa ameita mara mbili nami nimenyamaza mara mbili.

Baba


Nairobi
22 Aprili 2025, Jumanne

Baba,

Shikamoo. Sijui nianzeje, kwa hiyo naanza na kosa. Leo saa sita mchana nimekiwasha. Sikungoja tarehe thelathini na sikukutii.

Ulipoandika kwamba unalala vizuri na unakula, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nakujua. Hungengoja maji yapungue. Nimempoteza ndugu mmoja kwenye mto huo na sina baba wa pili. Nikasirikie, nitukane, lakini ukiwa nchi kavu.

Jioni hii nimetazama mapengo mimi mwenyewe mpaka saa kumi na mbili. Ni masafi. Hakuna kitu. Nimelia tena, maana ni kama nimemzika, na nimemzika bila wewe.

Nakuja Jumamosi kwa basi. Nitashuka Garsen, nichukue bodaboda. Tutakwenda ukingoni pamoja, tumwambie pamoja. Usiende peke yako.

Mwanao anayekuomba radhi,
Rachael


Kivukoni, Chara
25 Aprili 2025, Ijumaa

Rachael wangu,

Bwana asifiwe! Uko mzima? Mimi leo ni mzima kabisa, hata goti limenyamaza. Wasemavyo watu, barabara ya kutoka Garsen imekatika tangu Jumatano, kwa hiyo kama umeniandikia, barua haijanifikia. Barua hii nampa Kuno wa hapa kivukoni, anakwenda Garsen kwa miguu kupitia mashambani.

Nataka ujue jambo lililotokea. Jumanne jioni sauti ilitoweka kwenye simu. Nikashika simu sikioni mpaka betri ikaisha, kimya. Nikasema basi, mwanangu amekataa ombi langu, na moyo uliniuma, sitakuficha.

Lakini Jumatano dakika ile ile nimemsikia bila simu. Kwa masikio yangu, kutoka ng'ambo, juu ya maji. Jumwa alikuwa anateka maji, akaangusha ndoo. Na jana, Rachael, jana ameita, akanyamaza, mto ukarudisha, mwangwi ukaisha. Kisha akaita tena.

Mara mbili! Mwaka mmoja na nusu nimeungoja mwito huo. Jana nililikumbatia gogo langu nikilia, nikashindwa kusimama. Leo sitashindwa. Sheria yenyewe sasa yanituma. Sijui ulifanya nini huko kwenye mashine zako, lakini lolote ulilofanya, ahsante.

Nimechonga kafi ya pili, yeye ataichukua ya mbele kama zamani. Saa inakaribia kumi na moja.

Baba yako na wa Caleb


Kivukoni, Chara
27 Aprili 2025, Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu yako, kwenye meza yako, kwa sababu sijui njia nyingine ya kuzungumza nawe. Mimi si mzima.

Nilishuka Garsen jana saa nne. Harith akafungua droo, akanipa barua yako ya Ijumaa, na pamoja nayo yangu ya Jumanne, haijafunguliwa. Zililala mahali pamoja, yangu ikikuomba usiende na yako ikinishukuru.

Jumwa anasema alikusikia ukiitika, "Naja, mwanangu!" kwa furaha, kama mtu anayeitwa harusini. Sauti ya Caleb hakuisikia. Akakuona unasukuma mtumbwi, kisha mvua ikaziba mto. Wanaume wamevuka jana na leo. Mtumbwi uko ng'ambo, umefungwa kwa fundo lako. Mvua ilinyesha usiku kucha, lakini ndani yake ni pakavu. Kafi zote mbili zimelazwa vizuri, ya mbele na ya nyuma, na zote zilikuwa zimelowa. Wewe, hakuna aliyekuona.

Baba, ni mimi. Lile pengo lilikuwa mahali pa mwangwi kufia, nikalisafisha, nikamtoa Caleb alimokuwa. Nilitaka kukuokoa. Nisamehe.

Jana jioni nilikaa kwenye gogo lako ukingoni. Saa kumi na moja na dakika kumi mtu ameita kutoka ng'ambo. Amesema, "Rachael, tumefika. Leta mtumbwi." Ni sauti yako, na kikohozi chako kidogo mwishoni. Nilisimama, Baba. Nilifungua mdomo. Kisha nikakaa, kama ulivyonifunza, nikangoja mto umalize. Nikangoja mpaka giza likaingia. Hukuita tena.

Sasa najua ulivyokaa siku ile, na najua kwa nini hukumwambia mtu. Dorothy anataka nirudi naye kijijini, nimemwambia atangulie. Wanaume wameniachia mtumbwi wa Kuno hapa kivukoni, na kafi moja. Sijui niombe uite mara ya pili au niombe usiite.

Saa ya simu yangu inasema kumi na moja na dakika nane.

Mwanao,
Rachael