Maganda Yako Nimeyaponda, Baba

Baba,

Nimetoka kazini, miguu imevimba, lakini nisipokuandikia leo sitapata usingizi.

Jumamosi tunaanua matanga yako, hapa hapa ugenini, Shively. Mwanao Elie alipiga simu kutoka Columbus. Anataka kuja mapema awinde kulungu, nyama iwe ya wageni, na ampige kwa maganda yako ya risasi, yale uliyokuwa ukiyajaza baruti upya kila yakishapigwa. "Dada, yajaze mara moja tu. Tumuage mzee kwa vitu vyake." Mama akalia, akaniomba nikubali. Nikaingia gereji, nikakaa kwenye stuli yako.

Nilichukua ule waya wako wenye ncha iliyopinda, nikaupitisha ndani ya kila ganda, chini karibu na kitako. Ukawa unakwama kwenye mfuo, pale shaba ilipokonda. Kwa nje, pale pale, kuna mstari unaong'aa. Mengine yamepasuka shingo. Unakumbuka nilivyokuuliza ganda hujazwa mara ngapi? Ulinijia juu: "Usihesabu, liguse! Moja litavumilia, jingine litakupasukia usoni."

Wewe ambaye kule kambi ya wakimbizi hukutupa hata kopo la mafuta, ukalifanya taa! Lakini ganda bovu ulisema "hili limechoka" na kuliponda kwa plaizi papo hapo, asije mtu akalionea huruma.

Basi nami nimeyaponda, Baba. Yote uliyoyashika mwisho. Nililia, na katikati ya kulia nikakukasirikia. Uchovu wa shaba uliujua kwa ncha ya waya, wako hukutaka kuujua. Kifua kilikubana wiki nzima, ukawa unasema "acha nimalizie zamu hii," ukaenda ghalani kubeba maboksi. Hukurudi.

Mama alisimama mlangoni. Kisha akaingia, akanishikia ndoo ya kutupia maganda.

Elie hasemi nami. Na anune, macho yake yote mawili anayo. Wageni watakula mbuzi.

Pumzika sasa, Baba, hakuna anayekusubiri kazini. Nami nakuahidi jambo moja. Kesho msimamizi akipita tena kutafuta wa kubaki ovataimu, sitainua mkono. Nitamwambia lile neno ambalo wewe uliliweka kwa ajili ya maganda tu: nimechoka.

Binti yako,
Chantal