Zamu Yangu ya Kuomba

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Huko mko salama? Goti lako linasemaje? Nisalimie shemeji. Mimi mzima. Kifua kinakwaruza kwa vumbi la saruji, lakini nakula, nalala.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza bila kuzunguka: bado nimo kwenye wokovu au nimeshatoka? Umesikia kwamba siku hizi kwenye maombi nakaa kimya kama gunia. Hawajakudanganya. Nakaa kimya.

Unajua tunavyoomba. Kila Alhamisi jioni, kwa yule mama fundi cherehani, kwenye chumba chake cha kushonea. Tunasogeza mashine ukutani, tunakaa duara, tunashikana mikono. Ukimaliza kuomba unamminya mkono mwenzako, naye anaanza. Zamani aliyekuwa ananiminya ni mama watoto. Aliminya kwa nguvu, makusudi, maana alijua nasinzia. Sasa pale anakaa fundi mwenyewe. Tangu tumzike mke wangu, fundi akiniminya, papo hapo nami namminya anayefuata. Sisemi neno. Naye anaendelea.

Kazini nako hawaniachi. Juzi tunashusha mifuko ya saruji, mwenzetu mmoja tunayemwita Kipara akaniambia, mzee, uliomba mkeo apone, kafa, na bado unakwenda kanisani? Eti ingekuwa yeye, angekuwa ameshahama. Nikamwuliza nihamie wapi, kwako? Kwako hata kiti cha mgeni hakuna. Wenzetu wakacheka mpaka mfuko ukawaponyoka, ukapasuka. Nilicheka na mimi. Lakini lile neno nilirudi nalo nyumbani, Dada.

Maana ni kweli. Niliomba. Nilipiga magoti pale sakafuni wodini, nesi akawa ananiruka na beseni lake. Mama watoto yeye hakuyumba. Alikwenda akiwa anamshukuru Mungu, mimi nimeshika miguu yake ikipoa. Yeye kamaliza vizuri. Mimi ndiye niliyebaki njiani.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Alhamisi iliyopita nilikwenda kuaga. Nilishaamua. Nilivaa shati safi, nikajisemea, zamu ikinifikia nitawaambia jamani asanteni, mimi basi. Fundi akaniminya. Nikafungua mdomo. Kilichotoka sicho. Nilisema, "Mungu, nimekukasirikia. Nilikuomba umwache, ukamchukua. Sikuelewi. Lakini nikikuacha wewe, haya nimwambie nani?"

Nikalia, Dada. Mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu. Hakuna aliyenihubiria. Fundi alisema amina tu, wengine wakaitikia. Nikajifuta kwa bega, nikamminya anayefuata.

Basi jibu lako ndilo hilo. Nimo. Furaha sina, hasira ninayo, na nimo. Usiniombee hasira iishe haraka. Niombee nisiondoke, hata kama hasira itanifuata mpaka kaburini. Kesho Alhamisi nakwenda tena.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Goti likandwe kwa maji ya moto, na usimbishie shemeji akikwambia upumzike. Nakukumbuka sana. Mungu akutunze.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenibeba mgongoni.