Chokaa ya Kuta Zako

Dada yangu mpendwa,

Natumai wewe, shemeji na wapwa zangu mnaamka salama. Mimi ni mzima kupita kiasi. Wiki hii nimebeba jiwe ambalo vijana wa jirani walilikimbia, na mgongo haukujua kama kuna kitu kimepita.

Nimesoma maneno yako kwamba shamba la baba limekufa, liuzwe, na mnunuzi anakuja mwisho wa mwezi. Kweli mahindi yalinitia aibu. Majani yalipiga rangi ya zambarau, mabua mafupi hadi kuku anayatazama kwa juu. Mbolea nilimwaga nikaogopa mawe yataota. Wapi.

Bwana shamba aling'oa mche akanionyesha mizizi: mifupi, minene, ncha zimevimba kama vidole vilivyobanwa na mlango. Akasema udongo umejaa tindikali, na tindikali ndiyo inayoyeyusha alumini iliyomo ardhini, ikachoma mizizi. Chakula kipo, mmea hauna mdomo wa kukilia. Nikamjibu kwamba alumini ni sufuria, na mimi sijapanda sufuria. Hata hivyo, alipoondoka nilichimbua nusu ya shamba nikisaka masufuria ya marehemu mama. Nilipata kijiko. Wifi yako alicheka akakaa chini, na unamjua, si mtu wa kucheka.

Bwana shamba aliporudi akanieleza upya: alumini hiyo haionekani, ni ya udongo wenyewe, na dawa yake ni chokaa. Tindikali ikipungua, alumini inatulia, mizizi inapumua. Nikajaribu kwenye kona moja, nikapanda maharage. Juzi nimeng'oa shina: mizizi mirefu, ina vinyweleo kama ndevu zangu za ujana, zile zilizosumbua mtaa mzima. Nikamwambia wifi yako, "Shamba halijafa. Lilikuwa linanyongwa."

Sasa keti, dada. Yale magunia ya chokaa uliyotuma nipake nyumba yako ya hapa shambani, ing'ae machoni pa mnunuzi, yote nimeyamwaga shambani na kuyafukia kwa jembe, kisha nikapanda mahindi upya. Kuta zako ziko vilevile, na mijusi yako inakusalimu. Siombi radhi, na saini yangu ya kuuza hutaipata. Mnunuzi akija nitampa kiti, aangalie mahindi yakiota, kisha nimsindikize.

Wabusu wapwa zangu, msalimie shemeji. Ukitaka kunigombeza njoo mwenyewe, ila njoo wakati wa mavuno, ugombe ukiwa umeshiba.

Ni mimi kaka yako, mjomba wa wanao,
mwenye shamba