Chupa Kumi na Mbili Chini ya Barafu

Jumatatu, 12 Februari 2018

Nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Tumezishusha leo! Chupa kumi na mbili zilizopakwa rangi nyeusi, kamba moja, tundu moja. Mjomba Enok alikata barafu kwa msumeno, mimi nikajaza chupa bila kuacha hata povu moja la hewa ndani. Vidole bado vina ganzi. Chupa nne nyingine nimezitia dawa palepale, ili nijue maji yameanza na oksijeni kiasi gani. Zile kumi na mbili zitakaa gizani siku tano, halafu tutajua bakteria wamevuta kiasi gani. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: kuhesabu pumzi za vidudu visivyoonekana.

Daktari Rigmor kapiga simu kutoka Kopenhagen. Huu ni msimu wake wa kumi na moja hapa kisiwani, na wa mwisho — Juni anastaafu. Wenzake wanashikilia kwamba giza la majira ya baridi likiingia planktoni, vijimea vya baharini, hukosa mwanga, chakula huadimika, na bakteria nao hulala. Yeye anasema hawalali. Miaka kumi namba zetu zimekuwa ndogo mno, hazimtetei wala hazimwangushi. Akanikumbusha, kama kawaida, chupa zisionje joto hata kidogo. Baridi ya bahari ndiyo kipimo chenyewe. Nikamwambia najua, Daktari, najua.

Jumatano, 14 Februari

Upepo wa kusini tangu alfajiri. Barafu ya nje inakatika, mlio wake unafika mpaka hapa kwenye kituo cha utafiti. Nilitaka kwenda kuangalia kamba, Mjomba akanikataza. Kaenda peke yake na mbwa wake. Ni palepale alipozama baba, miaka tisa sasa. Nimekaa dirishani mchana kutwa, sikufanya lolote la maana.

Karudi saa kumi jioni, kidevu kimeganda. Nikamuuliza, chupa? Akainua nyusi. Basi, roho ikatulia. Daktari Rigmor ilimchukua miaka mitatu kuelewa kwamba kwetu nyusi zikipanda ni ndiyo, na pua ikikunjwa ni hapana. Alidhani sote tuna kiburi. Mjomba humwita Bibi Chupa, na humwambia kwamba pumzi ni ya kuvutia mkokoteni, si ya kupigia domo.

Jumamosi, 17 Februari

Siwezi kuamini. Nimedondosha dawa chupa baada ya chupa, nikisubiri ile rangi ya buluu ipotee. Kila mwaka huchukua matone mengi. Leo buluu imepotea upesi — maana yake oksijeni iliyobaki ni kidogo sana. Nikadhani nimekosea. Nikapima nyingine. Zote kumi na mbili! Wamevuta mara tatu ya mwaka wowote uliopita.

Nilimpigia Daktari. Nikasikia analia. “Hawalali, Bibiane,” akasema. “Niliwaambia hawalali.” Nami machozi yakanitoka.

Jumapili, 18 Februari

Baada ya kanisa, kahawa kwa Mjomba. Mkewe, Dorthea, ametimiza miaka sitini na nyumba ilijaa watu. Alinikatia keki akaniambia kwa utani, “Wenzio walilala hapa kando ya jiko, na hata asante hawakusema.” Nikauliza wenzangu gani. Akanionyesha kwa kidole pale sakafuni.

Chupa.

Mjomba akanisimulia kwa fahari. Jumatano ufa ulikuwa unakuja upande wa kamba. Akaivuta. Hewani zingeganda na kupasuka, kwa hiyo akavua koti lake la ngozi ya sili akazifunika, mwenyewe akarudi na sweta. Zikalala jikoni. Alhamisi asubuhi upepo umetulia, akakata tundu jipya karibu na nchi kavu, akazirudisha. Mwaka ule wa kwanza wa kazi hii chupa nne zilipasuka barafuni, na ni Daktari mwenyewe aliyempigia kelele asiache tena maji yagande. Kwetu mtoto wa miaka mitano anajua: chenye maji huingizwa ndani.

Kumbe ni joto la jiko la Dorthea. Usiku mmoja jikoni wamepumua pumzi za siku kumi. Na mimi nilimuuliza neno moja tu, “chupa?”, naye akalijibu. Keki nikaiacha sahanini.

Jumanne, 20 Februari

Daktari kapiga simu, anaandika ripoti. Mjomba alikuwa amekaa pembeni yangu, nikaweka sauti ya wazi tusikie sote. Daktari akamuuliza: “Enok, zilikaa chini ya barafu siku zote tano?”

Mjomba akakunja pua.

Simuni pua haisikiki. Daktari akangoja kidogo, akasema vizuri, asante sana, akaendelea na mengine. Mjomba akainuka akaenda kulisha mbwa. Moyoni mwake amejibu, tena ukweli. Aliyejua kwamba jibu halikumfikia Daktari ni mimi peke yangu, na mimi nikanyamaza. Naona aibu kuandika haya.

Alhamisi, 22 Februari

Ghuba yote ni maji matupu sasa, hakuna pa kurudia kipimo. Nikisema, mwaka wa mwisho wa Daktari umekwenda bure. Na Mjomba atajua kwamba alikwenda pale alipofia baba, akarudi bila koti, kumbe anaiharibu kazi. Nisiposema, namba hiyo itasomwa na watu wasionijua, na itakuwa uongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama hakuchoka kusema. Barua nimeiandika mara tatu na kuifuta mara tatu.

Jumatatu, 26 Februari

Helikopta imetua saa sita. Bibi Chupa huyo, na zawadi ya sweta kwa Mjomba! Tumekula supu ya sili hapa kituoni, sisi watatu. Kisha akatandaza karatasi mezani, akaweka kidole kwenye ile namba. Akasema miaka kumi hatukuwahi kuikaribia, na wenzake watamtafuna, kwa hiyo anauliza mara ya mwisho tu. “Bibiane, siku zote tano?”

Nilifungua mdomo. Nikahisi pua yangu imejikunja yenyewe.

Yeye alikuwa ameinamia karatasi. Aliyeniona ni Mjomba. Akanitazama, kisha akaitazama simu pale mezani, muda mrefu. Akaweka kijiko chini.

Nikasema naleta kahawa. Naandika hapa jikoni, nimesimama, birika linachemka. Mlango uko wazi kidogo. Nasikia Mjomba anavuta kiti chake karibu na cha Daktari.

“Bibi Chupa,” anamwambia, “acha karatasi. Niangalie usoni.”