Mluhya Aitwaye Mugalula

Jumatatu, 27 Oktoba

Unga umeisha mapema tena. Chapati zangu leo zimegombaniwa. Kyebando nzima, hapa Kampala, hakuna mkono kama huu. Mayai mawili, nyanya, kabichi kidogo, nakunja, nakupa roleksi yako, unasahau hata uliyekuwa unamdai. Sijisifu. Wateja ndio wanasema. Na mimi nawaunga mkono.

Mvua ikaja. Nikahamia kwa Ssalongo, kinyozi, jirani yangu wa ukuta. Hapo ndipo sisi Nyuki tunakutana. Nyuki FC ya Kawempe. Timu yangu, timu ya baba, timu ya kila mtu mwenye akili timamu. Ssalongo alikuwa ananyoa mtu, mara akaanza kuisimulia ile fainali ya zamani dhidi ya Ngoma, wale majirani zetu wa Mengo. Akifika kwenye goli lazima azime mashine. Mteja ana kichwa nusu upara, nusu msitu. Atasubiri. Kona inapigwa, Mugalula anapaa juu ya mabeki kama amewekewa ngazi, kichwa, wavu! Nimeisikia hadithi hiyo tangu sina meno. Bado mwili unanisisimka.

Mugalula. Ndilo jina langu. Mugalula Wafula. Baba alitoka Bungoma kuja huku kutafuta kazi, akaliona goli lile kwa macho yake, nilipozaliwa akanipachika jina la mfungaji. Hakujua majina ya huku yana wenyewe. Jina la Kiganda ni la ukoo, na ukoo una muziro wake, yaani mnyama au mdudu ambaye watu wake hawamli. Mluhya kuitwa Mugalula ni kama kuvaa koti la mtu na mwenyewe amekaa hapo hapo. Kila nikitaja jina naulizwa: muziro wako nini? Najibu: nyuki. Wanacheka. Mimi nacheka zaidi yao.

Jumanne, 28 Oktoba

Wasswa ameniudhi. Wasswa wa boda, steji ya ng'ambo ya barabara. Shabiki wa Ngoma, Mungu amsaidie. Ndiye sababu naandika Kiswahili. Kiswahili anachojua ni cha polisi: simama, leta, kaa chini. Akisoma hapa ataona siafu tu.

Amekuja kula roleksi yangu, na mdomo umejaa mayai yangu, anasema Mugalula hakufunga. Eti beki wa Ngoma alijifunga kwa goti. Baba yake alikuwa uwanjani, alimwambia. "Wewe Wafula umepewa jina la mtu aliyekuwa anapita njia tu." Steji nzima ikaangua kicheko. Wameanza kuniita Goti.

Goti! Mimi!

Nikamwambia baba yako alikuwa analia, machozi yalimziba. Tukawekeana dau mbele ya watu. Ikithibitika Mugalula alifunga, siku ya mechi ya Nyuki na Ngoma Wasswa atafunga bendera ya Nyuki kwenye boda yake na aingie nayo Mengo mchana kweupe. Ikithibitika ni goti la beki, siku hiyo mimi nitakaanga chapati nimevaa jezi ya Ngoma. Na jina la Goti libaki langu, kufa na kuzikana.

Nimekubali upesi. Mdomo wangu una mbio kuliko mimi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Hakuna video. Nimetafuta kwenye simu mpaka bando limekata roho. Hata picha hakuna. Goli la Mugalula linaishi midomoni mwa watu, na kila mdomo una lake. Muuza mkaa anasema kona ilitoka kushoto. Ssalongo anasema kulia, na Ssalongo habishiwi akiwa ameshika wembe.

Nimemuuliza baba. Baba ni fundi wa magari, maneno yake machache kama nati za akiba. Alikuwa amesimama nyuma ya goli lile lile. Akasema: "Mpira uliingia. Tulishinda. Kula ugali wako."

Hilo ni jibu gani? Mtu mwenye uhakika husema: kichwa! Baba hakusema kichwa.

Naogopa. Nasema hapa tu, nje sisemi. Shule niliiacha Senior Two, au yenyewe iliniacha, sina cheti cha kuringia. Nina hili jina. Jina la Waganda si langu. Na kama la goli pia si langu, basi mimi nani? Goti.

Jumamosi, 1 Novemba

Siamini! Siamini!

Wasswa amemleta Mugalula. Mwenyewe! Mzima! Watu wa boda wanajua kila mtu. Alimbeba kutoka soko la Kawempe na trei zake za mayai, akasikia mtu anamwita kwa jina, akauliza, ndiye. Anafuga kuku siku hizi. Na ni mfupi! Miaka yote nilidhani ni mnazi. Ananifika begani.

Ssalongo alizima mashine. Akapiga magoti kwenye nywele za watu, baba mzima wa mapacha, kama yuko mbele ya Kabaka. Mteja alisimama na kitambaa shingoni, akasahau nusu ya kichwa chake.

Wasswa hana adabu wala subira. "Mzee, waambie hawa. Ulifunga wewe au beki wetu?"

Mzee akatutazama mmoja mmoja. Akasema alikuwa anafunga kamba ya bukta.

Bukta!

Ilikuwa inateremka tangu mapumziko. Kona inapigwa, yeye ameinama, ameupa mpira mgongo, anavuta kamba. Akasikia kitu kimempiga kisogoni, paa! Akadhani ni kofi la beki. Akageuka kupigana, akakuta wenzake wamemrukia, wanambusu. Hakuliona. Uwanja mzima uliliona goli la Mugalula isipokuwa Mugalula.

Ssalongo akainuka amekasirika. "Hapana, mzee. Uliruka. Nilikuona."

"Sikuruka, ssebo," mzee akamwita bwana kwa adabu.

"Wewe ulikuwa chini unacheza, ungeonaje? Sisi tulikuwa jukwaani!"

Anambishia mwenye goli! Nimecheka mpaka nikashika ukuta.

Halafu mzee akainua mkono. Alisema hakuja kutuambia chochote. Amekuja kusikia. Tangu siku ile watu wanampa mkono barabarani, na yeye anaona haya kuwauliza liliingiaje. "Sasa nyinyi nielezeni. Polepole."

Ssalongo akamkalisha kwenye kiti cha kunyolea. Akasimulia yote. Kona, ngazi, kichwa, wavu. Mzee alisikiliza mdomo wazi kama anapewa habari za shujaa wa nchi nyingine. Goli lilipoingia alipiga makofi.

Wasswa naye akasimulia lake la goti. Mzee akalisikiliza vizuri tu. Makofi hakupiga. Nimeliona hilo na nimeliweka.

Lakini dau bado liko hewani. Shahidi mkuu hakuona. Amebaki mtu mmoja aliyekuwa nyuma ya goli. Baba. Wamesema aletwe kesho.

 

Jumapili, 2 Novemba

Nimeunguza chapati. Mimi! Tatu mfululizo.

Baba alikuja akitoka kanisani, suti ya kahawia, Biblia kwapani. Mama nyuma yake, hajawahi kuingia kwa kinyozi maisha yake yote, anashangaa vioo. Steji nzima mlangoni, Nyuki huku, Ngoma kule. Mzee Mugalula amekaa katikati na kofia mapajani, naye anasubiri kama sisi.

Baba akakohoa. Akasema mpira ulianza kwenye goti la beki.

Watu wa Ngoma walipasua paa. Wasswa alikuwa ameshalala chini anapiga miguu. Goti! Goti! Moyo wangu ulitumbukia kwenye mafuta ya moto.

Baba akainua Biblia, wakatulia. Akasema: "Sijamaliza. Ukitoka kwenye goti ulikuwa unakwenda nje. Nje kabisa. Ulikuwa unakuja kwangu, mikono nimeshainyoosha niudake. Ukakutana na kisogo cha mzee huyu. Ukageuka."

Sijui nilipandaje juu ya benchi, lakini nilikuwa juu ya benchi. Kisogo! Kisogo kimefunga! Wasswa anapiga kelele kwamba goti liligusa kwanza. Nikamwambia goti lilitoa pasi, tunawashukuru sana kwa pasi yenu. Ssalongo anasema baba aliona vibaya, jua lilimpiga machoni. Huyu atazikwa na ngazi yake.

Nikamuuliza baba kwa nini hakuniambia siku zote. Akasema, "Wewe ulikuwa unapenda ile ya kuruka." Kisha akasema jina hakunipa kwa ajili ya kichwa wala kisogo. Alikuwa mgeni Kampala, hajui mtu, hajui lugha, anakula peke yake. Mpira ulipogeuka, watu asiowajua walimkumbatia. Wakambeba mabegani mpaka Kawempe na hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Alitaka mtoto wake aitwe jina la siku ile.

Sikulia. Moshi wa zile chapati.

Mzee akaniita. Nikaenda, nimejiandaa kunyang'anywa. Akanishika mkono, akaugeuza, akatazama alama za mafuta. "Wewe ndiye unatembea na jina langu?" Ndiyo, ssebo. "Hilo ni jina la ukoo wa Nsenene. Sisi senene hatuwali. Wewe unawala?"

Senene! Wale panzi wetu wa kijani wa mvua za Novemba, wa kukaanga na kitunguu! Mimi ndiye bingwa wa senene Kyebando nzima, hata watoto wanajua. Sikuweza kusema uongo mbele ya kisogo kile. Nawala, nikasema.

Mzee akacheka kidogo. "Basi utaamua mwenyewe," akasema. Akavaa kofia yake.

Jumatano, 5 Novemba

Ssalongo amejifanya refa. Hukumu yake: goti liligusa, kisogo kilifunga, kwa hiyo wote tumeshinda na wote tumeshindwa. Wasswa bendera, mimi jezi. Nimepinga. Wasswa amepinga. Ssalongo anasema tukipinga wote basi hukumu ni ya haki.

Jina la Goti limefutwa. Sasa wananiita Kisogo. Hilo nalibeba. Kisogo kina kombe.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku! Siku! Siku!

Nimekaanga tangu asubuhi ndani ya jezi ya Ngoma. Inawasha. Nadhani inanichukia. Watu wametoka hata Kawempe kuja kunipiga picha, na kila mpiga picha amenunua roleksi, kwa hiyo Wasswa ameniletea wateja bila kujua, mjinga yule. Yeye aliingia Mengo na bendera yetu. Kina mama wauza ndizi walimrushia maganda. Amerudi bila kioo kimoja cha boda, bendera bado iko.

Mechi tumesikiliza redio ya Ssalongo. Sare mpaka nikakata tamaa na dunia. Halafu mwishoni kabisa, kona yetu! Ssalongo akazima mashine. Ikapigwa. Mtangazaji akachanganyikiwa, anapiga kelele limeingia, limeingia, sijui nani ameugusa!

Nilikimbia barabarani na jezi ya Ngoma nikishangilia Nyuki. Boda zikafunga breki. Mzee mmoja wa Ngoma alinikumbatia kwa makosa.

Na jioni yote nani amefunga? Watu wanne, majina manne. Tayari nimeshaanza kulisimulia. Kwangu mimi aliruka.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Wateja wachache.

Senene wameingia mjini. Kila kona kuna mwanamke na beseni. Mama amenunua, akakaa mlangoni akiwatoa mabawa na miguu. Akawakaanga na kitunguu. Harufu ilinifuata mpaka kwenye jiko langu.

Aliniletea sahani. Nimeitazama kwa muda. Nimempelekea baba. Mama akaniuliza kama naumwa. Nikasema nimeshiba. Baba alinitazama, akala.

Baadaye amekuja mama mmoja, mgeni, ametoka kununua mkaa. Roleksi moja. Akauliza wewe kijana unaitwa nani. Nikasema Mugalula. Akanitazama uso, akauliza muziro.

Nikasema Nsenene.

Hakucheka. Aliomba chumvi.